Nakala Moja Haitoshi: Kwa Ndugu Zetu wa Konyo Konyo

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hilo lilikuwa kweli zama za daftari la karatasi, na leo ni kweli zaidi, kwa kuwa daftari la mfanyabiashara wa soko la Konyo Konyo, hapa Juba, limo ndani ya simu. Humo mna picha za karatasi za forodha za Nimule, majina ya wadaiwa, meseji za malipo ya m-Gurush na MoMo, pasipoti, kibali cha kazi, hati ya kiwanja, cheti cha kidato cha nne cha kijana aliyesoma Kakuma, na sauti ya mama ambaye hayupo tena duniani. Yote yamo katika kitu kimoja ambacho kibaka wa pikipiki anaweza kukikwapua pale Kator kabla mwenyewe hajageuza shingo.

Nawaandikia ndugu wa Arua na Gulu, wa Meru na Eldoret, wa Bunia na Bukavu, na wenyeji waliorudi nyumbani kutoka makambini, ambao katika soko hili wanaelewana kwa Kiswahili na kwa Kiarabu cha Juba. Ninalo jambo moja la kuwasihi. Faili yenye nakala moja tu ihesabiwe kuwa imekwisha potea. Kilichobaki ni siku tu. Na lile bishano tunalolisikia vibandani, kwamba huyu anaamini mtandao na yule anaamini memori kadi yake mfukoni, linatupotezea wakati. Katika mji huu kila upande una adui wake. Anayechagua upande mmoja na kuuacha mwingine amechagua tu adui wa kumpokonya.

Tukumbuke Januari 2025. Baada ya habari za kuuawa kwa raia wa Sudan Kusini huko Wad Madani, nchini Sudan, watu wenye hasira waliyavamia maduka ya Wasudan hapa Juba, na serikali ikapiga marufuku kutoka nje usiku. Siku chache baadaye, tarehe 22, Mamlaka ya Taifa ya Mawasiliano iliyaamuru makampuni ya simu kufunga Facebook na TikTok. Amri ile iliondolewa kabla ya mwezi kwisha, lakini somo lilikuwa limetolewa. Duka linapoporwa haliachiwi kompyuta wala daftari. Na mtu ambaye picha za ukoo wake zilikuwa kwenye ukurasa wa Facebook peke yake, na watu wa namna hiyo ni wengi, alikuta mlango umefungwa na mtu ambaye hata hamjui.

Sasa simama kidogo kwenye meza ya fundi simu, penye kioo, bisibisi ndogo na brashi ya kufagilia vumbi jekundu. Mama muuza mboga ametoa simu iliyofungwa kwenye kitambaa. Inawaka, inaonyesha nembo ya kampuni, inazima, inawaka tena. Fundi anaiunganisha na kompyuta, anatazama, halafu anamwambia kwamba hii itabidi tuiflash. Mama hajauliza bei. Anauliza, je, namba za watu wangu zitabaki? Fundi anatikisa kichwa. Simu itapona, yaliyomo yatakwenda. Wapo wanaodhani fundi mkali zaidi angeweza kuchomoa kile kipande cha kumbukumbu na kuyasoma yaliyomo. Zamani iliwezekana. Simu za miaka hii hufunga kumbukumbu zake kwa ufunguo unaokaa ndani ya simu ileile, kwa faida ya mwenyewe dhidi ya mwizi; mashine ikifa, ufunguo unakufa nayo. Fundi hana kosa hapo, na kumlaumu ni kumwonea.

Mwingine atasema, mimi nimejihami, ninayo flashi. Vema, lakini flashi ipi? Katika masoko yetu, kuanzia hapa hadi Kampala na Kariakoo, zinauzwa flashi na memori kadi zilizoandikwa TB 1 au TB 2 kwa bei ya sahani ya chakula. Ndani yake mna kipande kidogo cha kumbukumbu kilichofundishwa kuidanganya kompyuta. Kinapojaa hakisemi. Kinaendelea kupokea, na majina ya faili yanaonekana yote yamepangwa vizuri, ila ukija kuzifungua baada ya miezi hazifunguki, kwa sababu hazikuwahi kuhifadhiwa. Huu ni wizi mbaya kuliko wa pikipiki, maana aliyeibiwa analala usingizi akidhani yuko salama. Ukinunua flashi, ijaze siku hiyohiyo mpaka pomoni, ichomoe, ichomeke kwenye kompyuta nyingine, ufungue faili za mwanzo, za katikati na za mwisho. Ikishindwa, mrudishie muuzaji kabla hajafunga kibanda. Hata iliyo halali haifai kutupwa kabatini miaka mingi bila kuguswa, kwa kuwa kumbukumbu ya aina hiyo hushikiliwa na chaji ya umeme ambayo huvuja polepole, na joto la Juba chini ya mabati linaiharakisha.

Basi twende mtandaoni? Twende, lakini macho wazi. Kuweka faili mtandaoni ni kuikabidhi kwenye kompyuta za kampuni, ndani ya jengo lililo mbali, na jengo ni jengo. Machi 2021 jengo la kampuni ya OVHcloud liliungua mjini Strasbourg, Ufaransa, na wapo wateja waliogundua kwamba nakala zao za akiba nazo zilikuwa palepale. Tarehe 26 Septemba 2025 moto ulioanzia kwenye betri uliunguza kituo cha kompyuta za serikali mjini Daejeon, Korea Kusini. Huko kulikuwa na hifadhi iliyoitwa G-Drive, ambamo watumishi wa umma waliweka nyaraka zao za kazi. Ziliteketea terabaiti 858. Hapakuwa na nakala mahali pengine, na sababu iliyotolewa ni kwamba hifadhi yenyewe ilikuwa kubwa mno. Nchi tajiri, yenye intaneti ya kasi inayosifiwa duniani kote, imefikwa na msiba uleule unaomfika mama wa mboga: nakala moja, mahali pamoja.

Moto, hata hivyo, ni nadra. Kinachowapotezea watu wetu akaunti zao ni mambo madogo yanayokuja kimyakimya. Google humpa kila mtu GB 15 bila malipo, na tangu Juni 2021 picha zote mpya zinahesabiwa humo pamoja na barua pepe. Zikijaa, unaambiwa ulipe, na mwenye pauni za Sudan Kusini asiye na kadi ya benki inayokubalika nje hana njia ya kulipa. Kampuni hiyohiyo ilitangaza mwaka 2023 kwamba akaunti isiyotumiwa kwa miaka 2 inaweza kufutwa na vyote vilivyomo, na utaratibu huo ukaanza Desemba mwaka ule. Mtu aliyekimbilia kijijini kwa sababu ya vita, akakaa bila mtandao, anaweza kurudi akakuta maisha yake yamefagiliwa.

Halafu kuna laini. Machi 2018 Vivacell ilifungiwa hapa nchini kwa mgogoro wa leseni na ada. Mteja aliyekuwa amesajili akaunti yake ya barua pepe kwa namba ya Vivacell, siku aliyosahau nywila, ile namba ya siri ya kumthibitisha ilitumwa kwenye laini isiyokuwepo tena. Faili zake zipo, hazijaungua, hazijaibwa, na hatazifikia kamwe. Kwa hiyo usiifunge akaunti yako kwa laini moja. Ongeza namba ya ndugu unayemwamini aliye Nairobi au Kampala, kisha zile namba za dharura ambazo akaunti hukupa uziandike kwenye karatasi na kuiweka pamoja na vyeti vyako. Karatasi bado ina kazi yake.

Na mji huu wenyewe unatufundisha namna ya kuthamini karatasi. Nyaraka za Taifa za Sudan Kusini, zikiwamo barua na taarifa za watawala wa wakati wa ukoloni na za serikali ya Kusini iliyotokana na mkataba wa Addis Ababa wa 1972, zilikaa miaka mingi ndani ya hema hapa Juba. Hema, ndugu zangu! Kumbukumbu ya mipaka, ya mashauri na ya machifu wa nchi nzima ilikuwa inapigwa na jua, inanyeshewa, inaliwa na mchwa. Mwanahistoria Douglas Johnson alikuwa amefanya kazi ya kuzikusanya mwanzoni mwa miaka ya 1980, kisha vita vikaja. Baadaye wizara yenye dhamana ya utamaduni, kwa kushirikiana na Rift Valley Institute, ilizitoa hemani, ikazisafisha, ikazipanga kwenye maboksi, na kazi ya kuzipiga picha ukurasa kwa ukurasa ikaanza. Hawakusubiri jengo la kudumu. Wala baada ya kuzipiga picha hawakuzitupa karatasi. Huo ndio mwenendo ninaowasihi muuige majumbani mwenu.

Angalieni na jirani zetu. Vita vya Khartoum vilianza tarehe 15 Aprili 2023, na mwezi uliofuata maktaba ya Chuo Kikuu cha Ahlia, Omdurman, ikachomwa. Lakini kabla ya hapo mradi wa Sudan Memory ulikuwa umezunguka kunakili picha, filamu na maandishi ya Wasudan, na nakala hizo bado zinafunguka leo kwa yeyote mwenye intaneti. Hazikurudisha maktaba iliyoungua. Zimeokoa kile ambacho mtu alikuwa amejisumbua kukinakili mapema.

Najua jibu la wengi: bando ni ghali. Ni kweli ni ghali, hata baada ya nyaya za fiba kufika Juba mwaka 2020 kupitia Uganda. Lakini nani alisema upakie kila kitu? Tenga ya maana na ya mchezo. Video za vichekesho na picha za asubuhi njema ziache zipotee. Pasipoti, kitambulisho, vyeti vya shule na vya kuzaliwa, hati ya kiwanja, mikataba, orodha ya wadaiwa, na picha chache ambazo hazipigiki tena: hivyo vikipigwa picha kwa uangalifu, ukurasa mmoja hauzidi MB 1 au 2. Familia nzima huingia katika kona ndogo ya zile GB 15 na bando lake halimshindi muuza nyanya. Hati zenye siri zifunge kwa nywila kabla ya kuzipandisha. Nakala ya pili iweke kwenye flashi uliyoijaribu, na flashi hiyo isilale kibandani, wala isisafiri ndani ya mkoba uleule wenye simu. Ikae nyumbani. Ukipata mtu anayepanda basi la Kampala, mpe ya tatu ampelekee dada yako.

Orodha ya wadaiwa inabadilika kila siku, basi kila Jumapili ipige picha na kuituma. Mara mbili kwa mwaka, azima simu ya jirani, ingia kwenye akaunti yako ukiwa mbele yake, ufungue cheti kimoja na hati moja, kisha utoke na uhakikishe umetoka. Kuingia huko pia kunaihesabisha akaunti kuwa hai.

Limebaki la wazee na wagonjwa. Wapo akina baba ambao nywila zao hazijulikani na mtu, na hati za viwanja zimo humo. Google inayo sehemu ya kumteua mtu atakayepokea yaliyomo endapo akaunti itakaa kimya kwa muda ambao mwenyewe ameuweka, kuanzia miezi 3 hadi 18. Kijana, kaa na mzee wako jioni hii, mwombe kwa adabu, muijaze pamoja, na jina la kuandika achague yeye mwenyewe.