Homa kisha kuwekewa silikoni

Hapa Lubumbashi homa karibu yote tunaiita malaria. Mama aliyewekewa silikoni matitini asiharakishe kusema hivyo. Wengine wanapasuliwa nchi ya mbali, wanatua Luano kidonda hakijapona, na hawataki mtu ajue. Juma la pili mwili unachemka, mama anameza dawa ya malaria, anangoja. Kumbe titi moja limevimba. Ngozi yetu nyeusi inaficha wekundu, basi gusa kwa mkono: je, lina joto kuliko lingine?

Silikoni haina mishipa ya damu. Vijidudu vikishikamana nayo, antibiotiki, inayopita katika damu, inavifikia kwa shida. Ndiyo maana mara nyingi waganga wanaitoa, na mama anangoja miezi kadhaa kabla ya kuwekewa nyingine. Aliyekatwa titi kwa ajili ya kansa, hasa akichomwa miale, yuko katika hatari zaidi.

Pima malaria, ndiyo, lakini mwambie munganga kwamba ulipasuliwa. Yeye anatunza siri. Mume atajua siku nyingine. Ukiona usaha, usingoje asubuhi.