Tunakwenda Zambia kwa kinga

Likizo kuu ikifika, wanafunzi watano wa kitivo chetu tutatoka Hewa Bora kwa baiskeli, tuvuke mpaka Kasumbalesa, tupite Chililabombwe, Chingola na Kitwe hadi Ndola. Mipira ya ndani, pampu, viraka, paspoti, kadi ya chanjo ya homa ya manjano: yote hayo tumeelewana. Tusiloelewana ni lugha.

Wenzangu wanne wanajisomea Kiingereza kila jioni. Wanasema ndiyo lugha rasmi ya Zambia, basi yatosha. Dirishani kwa uhamiaji siwapingi. Lakini dirishani tutasimama saa chache, na barabarani tutakaa siku kadhaa. Mnyororo ukikatika kati ya Chingola na Kitwe, atakayetusaidia ni muuza mkaa au fundi wa kando ya njia, na lugha ya miji ile ni Kibemba. Mimi nasema tujifunze Kibemba, tena sisi watu wa Lubumbashi tumekwisha kukianza bila kujua.

Chukueni jina la chombo chenyewe. Nyumbani hatusemi baiskeli, tunasema kinga. Mtu wa Dar es Salaam akisikia kinga atafikiri habari za chanjo. Mbemba ataelewa mara moja, maana kwake ni incinga. Katika insha zetu kinga hukatwa kwa wino mwekundu na kuandikwa baiskeli juu yake, ingawa baiskeli nalo limeazimwa, kutoka kwa Waingereza. Sababu ya kitaalamu ya kupendelea mkopo mmoja kuliko mwingine sijaisikia bado.

Neno hili halikupotea njia. Mji wetu ulianzishwa mwaka 1910, na mwaka huohuo reli ikafika kutoka kusini. Wafanyakazi wengi wa kwanza wa migodi walitoka Rhodesia ya Kaskazini, wakaja na maneno yao. Johannes Fabian, katika kitabu chake Language and Colonial Power cha mwaka 1986, anaonyesha kwamba kukuzwa kwa Kiswahili huku Katanga kulihusiana pia na hofu ya Wabelgiji juu ya mvuto wa Waingereza wa upande wa pili. Yaani tunapomwona Mbemba kuwa mgeni wa lugha, tunaulinda mpaka ambao babu zetu hawakuuchora.

Hata majina ya njiani yanasomeka. Chililabombwe, iliyoitwa Bancroft zamani za ukoloni, ni mahali chura anapolia: kulila ndiko kulia kwetu, na bombwe ni chura.

Halafu kuna jambo la uhai. Kongo tunaendesha upande wa kulia, Zambia upande wa kushoto. Pale Kasumbalesa, katikati ya foleni ya malori ya shaba, lazima tuhame upande. Utingo akitupigia kelele hatachagua maneno ya kitabuni. Atasema kulyo, na mwanafunzi wa isimu asiyeona humo mkono wa kulia, mkono wa kulia chakula, sijui anasoma nini.

Jirani yetu mmoja, mama aliyekulia Kitwe, amekubali kutufundisha kila Jumamosi mchana kwa malipo ya unga. Wale wanne hawajajibu kama watakuja.