Dawa za Mzee Zahitaji Mwenzi

Tunapozungumzia tiba ya wazee, fikira zetu huelekea kwa daktari na dawa. Ni mara chache tunapouliza: mzee akisharudi nyumbani, ni nani amwonaye akizimeza dawa hizo? Kwa maoni yetu, swali hili nalo ni sehemu ya tiba.

Mwaka 2003 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba, katika nchi zilizoendelea, ni kiasi cha nusu tu ya wagonjwa wa maradhi ya muda mrefu wanaofuata tiba kama walivyoagizwa. Sababu ni nyingi: gharama, wingi wa vidonge, usahaulifu, na macho yasiyoweza tena kusoma maandishi ya bahasha. Upweke huzidisha uzito wa sababu hizo. Mzee mpweke hana wa kumkumbusha, wa kumsomea, wala wa kumfuatia dawa zinapokwisha. Na akishakata tamaa, huona kidonge hakina maana.

Tuchukue shinikizo la damu. Maradhi haya mara nyingi hayana maumivu. Mzee hujiona mzima, huacha dawa, na shinikizo hupanda kimya kimya hata kiharusi kimpate. Tena zipo dawa, kama klonidini, ambazo zikiachwa ghafla shinikizo hurudi kwa nguvu.

Hata hivyo, mwanafunzi wa sayansi asikimbilie hukumu. Upweke na kuishi peke yako si kitu kimoja: yumkini mzee akawa na nyumba iliyojaa wajukuu, asiwe na wa kuzungumza naye. Aidha, ugonjwa wenyewe waweza kumfungia mtu ndani na kumletea upweke. Mambo mawili kuonekana pamoja si ushahidi kwamba moja limezaa lingine. Lakini mjadala huo hautuzuii kusaidia.

Tanzania inao mfano wake. Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu ulioanza mwaka 1977, kwa msaada wa Dakt. Karel Styblo, ulisisitiza kwamba katika miezi ya mwanzo mgonjwa ameze dawa mbele ya mhudumu. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani liliueneza utaratibu wa namna hiyo ulimwenguni. Shinikizo la damu, kwa kawaida, ni tiba ya maisha, na mwuguzi hawezi kufika kila siku katika kila nyumba. Kazi hiyo, basi, ni ya jamaa na majirani.

Hapa shule ina wajibu. Mwalimu awafundishe wanafunzi kusoma bahasha ya dawa: kwamba 1 × 3 ni kidonge kimoja mara tatu kwa siku. Naye mwanafunzi amsomee bibi au babu yake, aketi naye wazungumze. Asibadili kipimo kamwe. Akiona vidonge vimebaki kuliko inavyopasa, awaarifu wakubwa wa nyumbani ili mzee apelekwe zahanati. Dakika hizo chache jioni hazina gharama, nazo huenda zikamwepusha mzee na kiharusi.