Kituluni: kinachopanda ni macho, si chupa

Wanaokata kona Kyumbi kwenda Machakos na kufika kilima cha Kituluni husema chupa, na hata maji yanayomwagwa barabarani, hupanda kilima kwa nguvu ya sumaku. Lakini sumaku haivuti plastiki, wala haina nguvu ya kusukuma maji barabarani, na pale vyote viwili huenda upande uleule. Mteremko wa kawaida unatosha kueleza hayo, tena unatoa utabiri unaopimika. Msuguano wa lami hulazimisha kitu kizunguke, basi sehemu ya nishati huishia kwenye mzunguko: gololi iliyojaa ndani huongeza mwendo kwa 5/7 ya kiwango cha kitu kinachoteleza bila msuguano, bomba lenye ukuta mwembamba kwa 1/2 tu. Chupa iliyojaa maji itaitangulia iliyo tupu, kwa kuwa maji ya ndani hayazunguki sana. Sumaku gani ingepanga foleni hiyo?

Mtu atajibu kwamba ameona kwa macho yake. Sawa, ila macho hukadiria mlalo kwa kutazama upeo, na upeo ukifichwa na vilima, barabara nayo ikipinda, makadirio hupotoka. Pimamaji ya fundi haitazami vilima. Iwekwe pale lamini, kimya kimya, kabla ya kulipa mtu amwage maji.