Ukingoni mwa Oldupai

Jumapili ya leo nina jambo la kukiri. Miaka miwili iliyopita nilidunduliza akiba ya miezi kadhaa, nikachangia gari na jirani yangu na familia yake, tukatoka Arusha alfajiri kwenda kuiona Serengeti. Njiani tulisimama kwenye Bonde la Oldupai kwa dakika 15 tu, maana dereva alikuwa akiwania kuwahi simba. Tulishuka, tukaligeuzia bonde mgongo, tukapigwa picha. Binti yangu wa miaka tisa peke yake ndiye aliyechungulia chini. Alitazama kulia, akatazama kushoto, kisha akaniuliza, "Baba, mbona hakuna kitu?"

Nikamwambia apande gari.

Swali lile lilikaa nami mwaka mzima. Mimi ninayepata riziki yangu kwa kuwaeleza watu mambo, nilishindwa kumweleza mwanangu kwa nini watu huvuka bahari kuja kutazama korongo kavu lililomo katika nchi yetu wenyewe. Mwaka jana tukarudi, safari hii bila haraka, nami nikiwa nimekwisha kusoma. Haya ninayaandika kwa ajili ya mzazi mwenzangu atakayesimama pale na kuulizwa swali lilo hilo.

Yafaa kuanza kumwandaa mtoto tangu njiani. Ukiisha kupita Karatu na lango la Lodoare, lami hukoma, nayo barabara hupanda ndani ya msitu mzito wenye ukungu na baridi ya kutetemesha. Ukingo wa kreta ya Ngorongoro uko mita zipatazo 2,300 juu ya usawa wa bahari. Hapo kila gari husimama, na hapana anayehitaji maelezo. Uzuri wa kreta hujieleza wenyewe. Lakini ukianza kuteremka upande wa pili, tazama jinsi nchi inavyobadilika. Miti inapungua, majani yanakuwa mafupi, kisha vumbi linatawala, na migunga michache imesimama kama walinzi waliosahauliwa zamu. Sababu ni milima ile ile uliyoivuka. Pepo zitokazo Bahari ya Hindi huishusha mvua yake upande wa mashariki, na zikifika upande huu huwa zimekwisha kukauka. Kwa mwendo wa saa moja hivi umetoka msituni, umeingia nusu jangwa.

Kwenye njia panda ya kuelekea bondeni yamejengwa mafuvu mawili makubwa ya saruji, ambayo watoto huyafurahia sana. Kilomita chache baadaye unafika jumba la makumbusho, na mbele yake ndipo ulipo ukingo wa kutazamia.

Sasa usipige picha kwanza. Tazama chini polepole. Bonde lina urefu wa kilomita zipatazo 48, na kina chake hufika karibu mita 90. Katikati kimesimama kilima chekundu, mfano wa ngome iliyobomoka. Kuta zake zimepangika kwa matabaka: chini kabisa jiwe jeusi la volkano, lenye umri wa karibu miaka milioni mbili, juu yake tabaka la kijivu, juu zaidi lile jekundu, linaloonekana hata kwa mtu asiyejua lolote, na kadhalika hadi juu. Majivu ya volkano yalimwagika, mchanga na tope vikafunika, majivu yakamwagika tena.

Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Tunadhani watu wa kale waliishi ndani ya bonde hili. La hasha! Wakati wao bonde halikuwapo. Palikuwa na ziwa la maji ya chumvi, na kandokando yake chemchemi za maji matamu ambako wanyama walikuja kunywa, na hao wa kale wakawafuata. Walikufa, wakafunikwa. Baadaye sana ardhi ya upande wa mashariki ilididimia, na mto uliokuwa ukielekea huko ukaanza kukata matabaka yote hayo kama kisu kikatavyo keki. Mto haukuwatengenezea makao, ulikuja kuwafukua.

Nilipomweleza binti yangu hivyo, alikaa kimya, kisha akaomba tuteremke chini.

Tuliteremka na mwongozaji hadi mahali ambapo Mary Leakey, tarehe 17 Julai 1959, aliona meno yamechomoza udongoni. Mumewe Louis, aliyefika bondeni kwa mara ya kwanza mwaka 1931, siku hiyo alikuwa kambini anaumwa. Fuvu lile lilikuwa limevunjika vipande zaidi ya 400. Walilipa jina la Zinjanthropus, kutokana na Zinj, jina ambalo Waarabu wa kale waliiita pwani yetu ya Afrika ya Mashariki. Leakey alikisia kuwa lina umri wa miaka 600,000. Mwaka 1961 majivu yaliyolizunguka yalipimwa kwa njia ya potasiamu, ambayo hugeuka gesi kidogo kidogo kwa kasi isiyobadilika, na jibu likawa miaka 1,750,000. Vipimo vya siku hizi vimevuka 1,800,000. Fuvu lenyewe lilirejeshwa Tanzania mwaka 1965, nalo ni mali ya Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam.

Mahali hapo panaitwa FLK. Niliposoma maana ya herufi hizo nilicheka peke yangu: Frida Leakey Korongo! Naam, korongo, neno letu. Frida alikuwa mke wa kwanza wa Louis. Pako pia MNK, Mary Nicol Korongo, kwa jina la Mary kabla ya kuolewa. Vijikorongo kadhaa vya Oldupai vimeandikwa hivyo, na mabingwa wa vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani hutamka ile K ya mwisho kila siku, pengine bila kujua kwamba wanasema Kiswahili. Binti yangu, ambaye kwake korongo ni ndege mwenye miguu mirefu, alitaka kujua huyo Frida alifugaje ndege huku.

Tena wachimbaji hawakuwa wageni peke yao. Mwaka 1968 aliyeliona fuvu lililopewa namba OH 24, moja ya mafuvu ya kale kabisa yaliyotoka bondeni, alikuwa Peter Nzube. Jina hilo hulisikii mara nyingi. Mtajie mwanao.

Ama kwa gharama, usitishike. Raia hulipa kwa shilingi, tena kiasi kidogo kuliko mgeni. Lakini uliza viwango kabla ya kutoka nyumbani, na ukumbuke kuwa kibali cha kuingia hifadhini huhesabiwa kwa saa 24. Si lazima ufike Serengeti. Ukilala Karatu na kuondoka mapema, utaliona bonde jua likiwa bado chini, rangi za matabaka zimekolea, nawe utarudi siku iyo hiyo. Chukua maji ya kutosha na kitambaa cha kujikinga na vumbi. Mshike mtoto mkono ukingoni, kwani udongo wa pale ni wa kumomonyoka. Wala usimruhusu kuokota jiwe hata moja kwa ukumbusho. Jiwe lililoondolewa mahali pake limenyang'anywa umri wake, na hapana mtaalamu awezaye kulirudishia.

Tulipopanda tena ukingoni jua lilikuwa kali, na upepo ulikuwa ukipuliza vumbi jeupe kutoka tambarare. Jirani yangu alikwisha kuketi garini. Binti yangu aliegemea mkono wangu, akalitazama bonde kutoka mwanzo hadi mwisho, halafu akauliza, "Na lile ziwa, Baba, maji yake yalikwenda wapi?"

Dereva akapiga honi. Nikampungia mkono, asubiri.