Kizimkazi Haikosi Kinywaji

Makala iliyodai kwamba utalii wa kijiji cha Kizimkazi, Unguja, utabaki nyuma hadi hoteli zilete bia za aina ya IPA zenye ukungu na ladha ya matunda imepotoka. Sipingi kwamba bia hiyo, iliyopata umaarufu kutoka Vermont, Marekani, ni kazi ya ufundi. Ukungu wake hutokana kwa sehemu na protini za oti na ngano. Harufu ya embe na pasheni hutoka kwenye maua ya hopsi yatiwayo kwenye bia, hata pasipo tunda lolote. Lakini harufu hiyo hufifia upesi kwa joto na oksijeni. Ikishavuka bahari hadi Unguja, itafika imechuja, tena kwa bei kubwa.

Kwa nini mgeni alipie kivuli cha embe palipo na embe lenyewe? Mpeni dafu, ukwaju, ubuyu, na juisi ya miwa iliyokamuliwa papo hapo kwa ndimu na tangawizi. Tena, kijiji chenye msikiti wa mwaka 1107 kina heshima yake kuhusu pombe, na mgeni mwema huifuata. Wenye hoteli, nunueni kwanza matunda ya wakulima wa Unguja.