Uchaguzi Usio na Matokeo

Kuchagua ni kuacha. Mtu aliyesimama penye njia panda hawezi kwenda kulia na kushoto kwa wakati mmoja. Fisi alijaribu, na mwisho wake tunaujua. Anayeshika njia moja amekubali kuikosa ya pili, pamoja na mema na mabaya yaliyokuwamo. Ukiiondoa hasara hii katika uchaguzi, umeuondoa uchaguzi wenyewe. Kinachobaki ni jina tu, mfano wa kifuu cha nazi iliyokwisha kukunwa. Neno hili ni jepesi kulikubali linaposemwa juu ya ndoa, kazi au siasa. Mimi nataka ulikubali, msomaji, juu ya jambo ambalo wazee wengi hulidharau na vijana wengi hulipenda bila ya kulihoji: michezo ya kompyuta ya hadithi za ajabu, ambamo mchezaji hujivika umbo la shujaa, akatembea katika nchi za mazimwi na wachawi, na kila mara akaulizwa, “Utafanya nini?”

Michezo hiyo ina asili yake. Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walitoa huko Marekani mchezo uitwao Dungeons & Dragons, uliochezwa mezani kwa karatasi, kalamu, dadu na maneno. Mmoja wa wachezaji alikuwa msimulizi. Wenziwe walikuwa watu wa ndani ya hadithi. Msimulizi aliposema kuwa mlango umefungwa, mchezaji aliweza kuuvunja, kubisha hodi au kwenda zake, na msimulizi alilazimika kuipa kila hatua jibu lake. Hapo ndipo mchezo huu ulipoachana na ngano. Katika ngano ya bibi msikilizaji hana mkono: sungura atamdanganya fisi, utake usitake. Katika mchezo huu msikilizaji amepewa mkono. Kompyuta ilipoirithi kazi ya msimulizi ilirithi na wajibu wake, na wajibu huo ni kujibu. Mkono ukitenda, dunia ya hadithi haina budi kuonyesha kwamba umetenda.

Wajibu huo ndio ninaoutetea hapa, maana naona unaibwa na wezi wawili. Wa kwanza ni mtungaji anayeahidi uchaguzi akatoa kivuli chake. Wa pili ni mchezaji mwenyewe, ambaye hupewa uchaguzi wa kweli akauua kwa kidole chake. Nitawashtaki wote wawili, nawe uwe hakimu.

Tumtazame mtungaji kwanza. Mwaka 2004 ulitoka mchezo uitwao Fable, uliotengenezwa Uingereza. Ndani yake matendo ya shujaa hupimwa kwa mizani ya wema na uovu, na mwili wake hukionyesha kipimo: mwovu huota pembe, mwema huzungukwa na nuru kichwani. Kwa mbali wazo hili lapendeza. Lakini katika nchi ile mna hekalu ambamo shujaa hutoa dhahabu, na kwa kutoa huongezewa wema. Basi mtu aweza kumuua asiye na hatia asubuhi, akalipa jioni, na mizani ikaanza kurudi upande wa wema. Aliyeuawa hakulipwa kitu, wala watu wake hawakuulizwa kama wameridhika. Haya si matokeo, ni biashara. Uovu umegeuzwa deni la dukani, na mwenye fedha hulilipa akaondoka akipiga mluzi.

Mfano wa pili watoka katika ndugu wa michezo hii, mfululizo wa safari za angani uitwao Mass Effect, uliotengenezwa na BioWare ya Kanada. Sehemu zake tatu za kwanza zilitoka kati ya mwaka 2007 na 2012, na mchezaji aliweza kuyachukua maamuzi yake kutoka sehemu moja hata nyingine: mwenzake aliyekufa katika ya kwanza hakuonekana katika ya tatu. Kwa miaka mitano watu walibeba maamuzi hayo kama mtu anavyobeba amana. Mwisho ulipofika mwaka 2012, wengi walilalamika kuwa safari zao zilizotofautiana zilikusanywa na kupitishwa katika malango machache yaliyofanana mno, rangi ikiwa ndiyo tofauti iliyoonekana zaidi. Malalamiko yalikuwa makubwa hata mwaka huo huo watengenezaji wakatoa, bila ya malipo, nyongeza ya kuufafanua mwisho ule. Wako waliowacheka walalamikaji kwa kulilia mchezo. Mimi siwacheki. Aliyeahidiwa hesabu ana haki ya kuidai.

Mtungaji ana utetezi wake, na haki yataka tumsikie. Atasema kuwa kila uchaguzi hugawa hadithi mara mbili: uchaguzi mmoja huzaa njia 2, miwili huzaa 4, mitatu huzaa 8, na 10 huzaa njia 1,024. Nani awezaye kuandika hadithi 1,024 kamili, akazichora na kuzitilia sauti? Kwa hiyo, atasema, hatuna budi kuzikutanisha njia hizo tena mbele ya safari. Hesabu yake ni sahihi, lakini hukumu aitoayo kwayo si sahihi. Matokeo si lazima yawe dunia mpya. Yaweza kuwa mtu mmoja tu anayekumbuka.

Ushahidi wa neno hili ni mkongwe kuliko wachezaji wengi wa leo. Mwaka 1985 Richard Garriott alitoa mchezo uitwao Ultima IV. Shujaa wake hakupewa mfalme mwovu wa kuua mwishoni. Alitakiwa awe mfano wa fadhila nane, miongoni mwake ukweli, huruma, haki na unyenyekevu. Katika miji ya nchi ile wamo wauzaji wa dawa za uganga ambao ni vipofu. Mnunuzi huambiwa bei, kisha hutaja mwenyewe kiasi cha dhahabu anachotoa. Akipunja, muuzaji haoni wala hagombi. Mnunuzi huondoka na dawa zake, na kwa saa nyingi hakuna lolote linalompata. Lakini kompyuta imeandika. Siku atakapotaka kuhesabiwa kuwa mtu mkweli, ataambiwa bado. Tazama, msomaji, jinsi jambo hili lilivyo dogo. Halikuhitaji njia 1,024, ila tarakimu moja iliyofichwa na mtungaji mwenye nia. Basi asitudanganye mtu kuwa umaskini wa matokeo watokana na wingi wa kazi peke yake. Mara nyingi watokana na hofu ya kumuudhi mnunuzi.

Sasa namgeukia mwizi wa pili, na huyu huenda amekaa katika kiti ulichokalia. Michezo mingi humruhusu mchezaji kuihifadhi hali ya mchezo na kuirudia apendapo. Ruhusa hii ilitolewa kwa sababu njema: hadithi huchukua saa nyingi, umeme hukatika, na mwanadamu sharti alale. Lakini mchezaji mwoga ameigeuza kuwa kifutio. Akimjibu rafiki yake wa hadithini kwa ukali na rafiki akakasirika, huirudisha saa nyuma akajibu kwa upole. Akiiba na kukamatwa, hurudisha. Dadu ikimkataa, huitupa mara ya pili, ya tatu na ya saba, mpaka imkubali. Mwisho wa safari yeye ni shujaa asiyekosea kamwe, apendwaye na wote, aliyeshinda kila shauri. Huyo si shujaa. Huyo ni karani anayesahihisha daftari.

Mchezaji wa bao huko pwani akishazisambaza kete zake, hazikusanyi tena mkononi kwa kuwa ameona mwisho wa hesabu haumpendezi. Angefanya hivyo, mwenzake angeinuka, na watazamaji wangemzomea. Nao ni mchezo tu! Hakuna anayekufa kwa kushindwa bao. Hata hivyo wote waliokaa barazani wanajua kuwa hatua inayoweza kurudishwa haina uzito, na kuwa akili hunolewa na ile tu isiyorudi.

Watungaji wenye busara wamekitambua kifutio hiki na kukipiga vita kwa hila mbalimbali. Mwaka 2007 Wapolandi wa CD Projekt walitoa mchezo uitwao The Witcher. Mapema ndani yake shujaa hulinda mzigo wa bidhaa kandokando ya maji, nao wapiganaji wa msituni huja kuuchukua. Awape au awafukuze? Akiwapa hakuna linalotokea, naye huendelea na safari. Baadaye sana, katika sura nyingine, mtu mmoja aliyehusika na uchunguzi wake hukutwa ameuawa na wapiganaji wale wale. Kurudi nyuma ni kuzitupa saa nyingi za safari, na mchezaji hukaa na alichokitenda. Majuto ni mjukuu, na mtungaji amemngoja mjukuu akue.

Mmarekani Toby Fox alikwenda mbali zaidi katika mchezo wake Undertale wa mwaka 2015. Humo kila zimwi linaweza kuuawa au kusamehewa. Mapema mchezaji hukutana na mama mmoja mwema wa kizimwi, anayemlea na kumzuia asiende hatarini. Wengi humuua katika mapambano, hushikwa na huzuni, kisha huurudisha mchezo nyuma na kumsamehe. Hapo hutokea ua moja lenye uso, likamwambia mchezaji kwamba linajua alichofanya kabla hajarudi. Kifutio kimefuta maandishi, lakini karatasi inakumbuka. Sijui hoja iliyoelezwa vizuri kuliko hiyo katika sanaa hii yote.

Na mwaka 2023 studio ya Larian, ya mji wa Ghent nchini Ubelgiji, ilitoa Baldur's Gate 3, ambamo dadu ya nyuso 20 huonekana ikiviringika mbele ya mchezaji katika mashauri makubwa. Kabla ya mwaka kwisha waliongeza namna ya kucheza kwa heshima: hifadhi ni moja tu, na kila hatua mpya huandikwa juu ya ile iliyotangulia. Neno likitoka limetoka. (Mchezo huu, kama The Witcher, umetengwa kwa watu wazima, na umri ulioandikwa juu yake ni wa kutiiwa. Nautaja kwa ajili ya hoja, si kukutuma ukautafute.)

Najua nitakavyopingwa. Wa kwanza atasema, “Mchezo nimeununua kwa fedha yangu, nitaucheza nipendavyo.” Ni kweli, ndugu, na hakuna askari atakayekukamata. Aliyenunua kitabu pia anayo haki ya kusoma ukurasa wa mwisho peke yake; hakuna amkatazaye, wala hakuna amsifuye. Haki ya kufanya jambo haithibitishi faida yake.

Wa pili atasema kuwa michezo mingine huuficha ukweli, ikamwadhibu mchezaji kwa jambo asiloweza kulijua. Huyu namkubalia. Matokeo yasiyo na dalili yoyote si matokeo bali ni mtego, na kuchagua gizani ni bahati nasibu. Yule muuzaji kipofu hakuwa mtego. Kila mnunuzi alijua kwamba anapunja. Mtungaji atoe dalili, kisha asirudi nyuma.

Wa tatu atauliza, “Je, ni dhambi kuucheza mchezo tena kutoka mwanzo, ili kuiona njia nyingine?” Hasha! Kuanza upya baada ya kufika mwisho ni kusimuliwa hadithi ya pili. Ile ya kwanza imekwisha, na makosa yake yamebaki makosa. Ninachokipinga ni kuikata hadithi katikati na kushona mahali palipouma.

Wa nne, naye ndiye mwenye sauti kubwa kuliko wote, atasema, “Ni mchezo tu.” Sisemi kuwa mchezo humgeuza mtu mwema kuwa mwovu, wala kwamba anayerudisha saa kiooni atakuwa mwongo sokoni. Nasema jambo dogo na la hakika zaidi: mchezo huu ni mahali pa nadra ambapo kijana aweza kukosea vibaya, akaona kosa lake likiwafikia wengine, akaketi nalo, bila ya mtu yeyote kuumia kwa kweli. Kitabu hukuonyesha kosa la mwingine. Mchezo hukuonyesha lako. Ni shule yenye ada ndogo mno. Na anayefuta kila kosa amelipa ada akakataa kuingia darasani.

Kwa hiyo, mwanafunzi, ukipewa mchezo wa namna hii unaoufaa umri wako, ucheze kama mtu mzima wa moyo. Kabla ya kujibu, fikiri. Ukishajibu, endelea. Rafiki wa hadithini akikuacha kwa neno ulilosema, mwache aende, nawe umalize safari ukiwa na pengo lake kando yako. Kijiji kikiungua kwa pupa yako, pita katika majivu yake na uyatazame. Na mtungaji akikuuzia uchaguzi ambao mwisho wake ni mmoja kila upande, usimsifu kwa uzuri wa picha. Mwambie kuwa amekupunja, na kwamba wewe si kipofu.